Kusoma alama adimu za ugonjwa kwa vumbi la almasi

Vumbi la almasi lenye kasoro za naitrojeni likimulikwa kijani hutoa mwanga mwekundu, na mwanga huo hufifia kidogo ukilirushia mawimbi ya mikrowevu ya gigahezi 2.87. Karatasi ya kipimo, yaani ukanda, nayo hung'aa, ila yenyewe mawimbi haiyasikii. Basi unatafuta kinachotii, si kinachong'aa. Watafiti wa University College London walichapisha njia hii mwaka 2020 kwa RNA ya VVU.

Hatua 1. Zidisha RNA kwa RT-RPA, mmenyuko unaogeuza RNA kuwa DNA na kuinakili kwa joto moja: nyuzi 39, dakika 10 hadi 20. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) ziwe mbili: moja ibebe biotini, ya pili digoksijenini, molekuli ndogo za kushikiwa. Tyubu ifungulie chumba kingine, feni imezimwa. Joto la Dar litakushawishi uiwashe, lakini feni husambaza DNA iliyozidishwa, na kesho hata maji matupu yatasoma chanya.

Hatua 2. Ukanda ukitoka friji, uache ndani ya pakiti nusu saa. Ukiufungua ungali baridi, unyevu wa hapa unatua juu yake kama umande na sampuli inapanda upande upande.

Hatua 3. Almasi za nanomita 600 hutuama zikilala usiku kucha. Zitie kwenye bafu la ultrasoniki dakika 5, changanya na sampuli, dondosha. Kingamwili juu ya almasi hushika digoksijenini. Avidini, protini iliyopakwa kwenye mstari wa ukanda, hudaka biotini, hivyo almasi hubaki mstarini.

Hatua 4. Leza ya kijani, chujio la kupitisha kuanzia nanomita 650, kamera ya picha 30 kwa sekunde isiyojirekebishia mwangaza yenyewe. Leza rahisi za kijani za nanomita 532 huvujisha infraredi ya nanomita 808 na 1064, nayo hupita chujio hilo bila kizuizi. Izuie kwenye leza yenyewe.

Hatua 5. Washa na kuzima mawimbi mara 4 kwa sekunde, rekodi sekunde 30. Usichague 10: taa za umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kamera hii huziona kama 10. Zidisha kila picha kwa saini na kosaini ya hezi 4, kisha jumlisha: jumla hiyo ndiyo ishara ya almasi.

Hatua 6. Rudia kwa gigahezi 2.80, nguvu ileile. Ishara lazima ipotee. Ikibaki, kwa kawaida leza na amplifaya ya mawimbi vinakula umeme wa pawa saplai moja: amplifaya ikiwaka, leza inalegea. Zitenganishe. Ikipotea hata kwenye 2.87, ondoa simu mezani. Sumaku ya spika yake hutawanya mwitikio wa almasi mbali na 2.87. Joto la chumba halina neno, digrii moja husogeza mwitikio huo kilohezi 74 tu.