SOMO: Kuzoea bendi ya tumbo na kujua imekazwa kiasi gani kinachokufaa

Wakuu, salaam.

Kila wiki nakuta swali lilelile kwenye ujumbe wangu: "Wewe umejazwa mililita ngapi? Mimi ninazo kadhaa, mbona sipungui?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, na majibu ya harakaharaka huacha mambo ya maana. Kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Mimi si daktari. Nina bendi mwaka wa sita sasa, na mwenye neno la mwisho juu ya mwili wako ni yule anayekuhudumia hospitali.

Kwa wageni: bendi ni pete ya silikoni inayozungushwa sehemu ya juu kabisa ya tumbo la chakula, ikaacha kifuko kidogo juu yake. Upande wa ndani wa pete kuna puto. Puto limeungwa kwa mrija mwembamba na poti, kidude kilichoshonewa chini ya ngozi. Daktari akiingiza maji ya chumvi kwa sindano kwenye poti, puto linajaa na pete inabana. Akiyavuta, inalegea.

Hatua ya 1: Pona kwanza. Vya majimaji, kisha vya kupondwa, kisha laini, kwa ratiba uliyopewa. Usiruke.

Hatua ya 2: Vumilia bendi tupu. Mara nyingi maji ya kwanza huingizwa kama wiki 6 baada ya upasuaji. Kabla ya hapo utasikia njaa yako ya zamani. Hujashindwa, bendi haijaanza kazi.

Hatua ya 3: Jifunze kula upya sasa, usingoje ibane. Kipande kiwe na ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Tafuna hadi kiwe uji mdomoni. Meza, weka kijiko chini, ngoja kama dakika moja. Usinywe wakati wa kula, wala vinywaji vyenye gesi. Mlo usizidi dakika 20 hadi 30, na ukisikia umetosheka acha, hata kama sahani haijaisha.

Hatua ya 4: Siku ya kuongezwa maji. Utalazwa chali, uambiwe uinue kichwa au miguu ili misuli ya tumbo ikaze na poti ijitokeze. Sindano ni maalumu kwa poti, kwa sababu ya kawaida huchana mpira wa juu wa poti na maji yakaanza kuvuja. Wengine hufanyiwa chini ya eksirei. Maumivu ni kama ya kutolewa damu.

Hatua ya 5: Kunywa maji kabla hujaondoka. Glasi nzima, polepole, ukiwa umeketi au umesimama palepale kliniki. Yakisimama kifuani au yakirudi, sema hapohapo. Kupunguza ni kazi ya dakika chache ukiwa bado kitandani, lakini usiku wa manane ukiwa nyumbani ni habari nyingine.

Hatua ya 6: Siku moja au mbili za majimaji, kisha laini, kisha vigumu. Tumbo huvimba kidogo baada ya kubanwa. Usikimbilie nyama jioni ileile.

Hatua ya 7: Pima kama kiwango kinakufaa. Hapa someni taratibu, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji uzito wangu ulisimama wiki mbili. Nikaenda kliniki nikasema nataka nikazwe zaidi. Niliamini bendi nzuri ni ile inayokwamisha chakula, kwamba nisipobanwa kooni basi haifanyi kazi. Nikaongezwa mililita 1. Maji yalipita, nikaondoka nimefurahi. Wiki ya pili kipande cha kuku kilinikwama: maumivu mazito nyuma ya mfupa wa kifua, mate yakanijaa mdomoni mfululizo, mazito kama ute wa yai, hadi kikarudi chenyewe. Sikumwambia mtu. Nyama ikanishinda, kisha mkate, kisha mboga za majani. Kilichokuwa kinapita bila shida ni aiskrimu, chokoleti na biskuti zilizolowekwa kwenye chai, nami nikala hivyo kila siku. Uzito ukaanza kupanda. Usiku nilikuwa naamka nakohoa, mto umelowa, koo linawaka. Nilijua fika kuwa kuna tatizo, lakini kila nilipotapika nilijiambia bendi inafanya kazi.

Nilipopigwa eksirei ya kumeza dawa nyeupe, kifuko cha juu kilikuwa kimetanuka, na umio pia. Maji yote yakatolewa. Nikakaa miezi miwili na bendi tupu ili tumbo lipumzike, kisha nikaanza upya kwa kuongezewa kidogokidogo. Nilibahatika kifuko kikarudi. Wapo ambao bendi huteleza kabisa na wakarudishwa kwenye chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo shikeni hili: bendi ni ya kuzuia njaa, si ya kuzuia koo. Kliniki nyingi hutumia rangi tatu, nami nawapa kwa maneno yangu.

Njano, yaani bado imelegea: unasikia njaa saa 2 baada ya kula, unamaliza sahani kubwa, unawaza chakula mchana kutwa, uzito haushuki. Hapo omba kuongezwa.

Kijani, yaani inakufaa: mlo mdogo wa chakula kigumu unakutosha, na njaa haikurudii kwa muda wa saa 4 au 5. Uzito unashuka taratibu, kama nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Unakula nyama, mboga, vyote, ilimradi utafune. Hapo usiguse kitu, hata kama mwenzako amejazwa zaidi yako.

Nyekundu, yaani imekaza mno: chakula kinakwama mara kwa mara, unacheua, kiungulia, kikohozi cha usiku, unakimbilia vitu laini na vitamu kwa kuwa ndivyo vinavyopita. Hapo omba kupunguzwa. Nyekundu haipunguzi uzito kuliko kijani. Mara nyingi huuongeza, kwa sababu vinavyopita ndivyo vinavyonenepesha.

Tahadhari tatu. Moja, usipime siku ya kwanza wala ya pili. Kula chakula kigumu wiki moja au mbili ndipo useme. Mbili, kabla ya kuomba kuongezwa jiulize kama umekuwa ukitafuna, na kama hunywi juisi na maziwa matamu kati ya milo. Bendi iliyokazwa sawasawa haizuii majimaji. Tatu, kliniki waeleze kila kitu, hasa unachokionea aibu. Wao wanapima kwa maneno yako. Ukificha, wanakaza gizani.

Hatua ya 8: Hospitali mara moja, si hapa jukwaani, ukiwa huwezi kumeza hata maji, una maumivu makali yasiyoacha, unatapika damu au choo ni cheusi, au poti imevimba, nyekundu na ya moto.

Karibuni maswali.

---

Kipepeo88: Mkuu, sijasoma yote ni ndefu. Mimi nina mililita 5, rafiki yangu 7 na anapungua kuliko mimi. Niombe nifikishwe 7?

Mwandishi: Soma Hatua ya 7 kwanza. Bendi hazilingani: zipo za zamani zinazoishia mililita 4, zipo za 10, zipo za 14. Saba za mwenzako kwenye bendi kubwa na tano zako kwenye ndogo hazina uhusiano wowote. Unasikia njaa baada ya muda gani? Hilo ndilo swali.

Kipepeo88: Sijaangalia.

Mwandishi: Angalia wiki nzima, andika, ndipo urudi.

Subira_njema: Asante sana kwa somo. Kitu kimoja kinanishangaza. Mara tatu za kwanza niliongezwa mililita nzimanzima, sikusikia tofauti. Ya nne nikaongezwa 0.2 tu, mambo yakabadilika kabisa. Inakuwaje?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Mililita za mwanzo zinajaza puto lililosinyaa; halijagusa tumbo vya kutosha. Likishagusa pande zote, kila tone linapunguza tundu lenyewe ambalo chakula kinapitia, na tundu likiwa tayari dogo, kupungua kidogo tu ni kupungua kwingi. Ndiyo maana ukikaribia kijani huongezwa matone badala ya mililita.

Kuna jambo la pili lililonisaidia kuelewa. Wengi hudhani chakula kinakaa juu ya bendi kikishuka polepole kama mchanga kwenye shingo ya chupa. Paul O'Brien, daktari mpasuaji wa Melbourne aliyefanya kazi na bendi miaka mingi, amesisitiza kuwa sivyo. Tonge lililotafunwa vizuri linasukumwa na umio mara kadhaa hadi lipite lote, na kila likipita linaminya ukuta wa tumbo pale penye bendi. Neva za pale zinapeleka habari ubongoni: umeshiba. Msukumo huo unaweza kuchukua hadi dakika moja, na dakika ya kuweka kijiko chini inatoka hapo. Ukimeza tonge la pili la kwanza halijapita, unalirundika juu yake, na kifuko ndicho kinachotanuka.

Subira_njema: Sasa nimeelewa kwa nini nikila haraka nashiba vibaya, na nikila polepole nashiba vizuri.

Mwandishi: Umeeleza vizuri kuliko mimi.

Dereva_wa_usiku: Nina ndugu muuguzi. Anaweza kuniongezea nyumbani ili nisipange foleni?

Mwandishi: Hapana.

Dereva_wa_usiku: Ni sindano tu, mbona mnakuza mambo.

Mwandishi: Ni sindano inayoweza kutoboa mrija, kuingiza vijidudu kwenye poti, au kukukaza usiku ambao hakuna wa kukulegeza. Nimelala na bendi iliyokaza mno, naijua. Kama tatizo ni foleni, omba miadi ya kwanza asubuhi.

Mama_pacha: Mimi asubuhi hata chai inapita kwa taabu, ila jioni nakula vizuri. Nimekazwa sana?

Mwandishi: Si lazima, dada. Wengi wetu tunabanwa zaidi asubuhi, wengine siku za hedhi au wakiwa na msongo. Anza na kinywaji cha vuguvugu, chelewesha chakula kigumu hadi usikie kifua kimefunguka. Ila ukiongeza kikohozi cha usiku au kiungulia juu ya hayo, hiyo ni nyekundu, nenda wakapunguze. Nawe ukipata mimba tena, wajulishe mapema. Mara nyingi hulegeza ili mama asitapike kupita kiasi na apate lishe.

Mzee_wa_kutembea: Niongezee la vidonge. Mimi natumia dawa za presha, kidonge kikubwa kilikwama nikahangaika saa nzima. Mfamasia akanibadilishia vidogo.

Mwandishi: Shikamoo mzee, asante, hilo nilisahau. Wengine, msisage kidonge kabla ya kuuliza: vile vinavyotoa dawa polepole vikisagwa hutoa dozi yote mara moja. Na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki usinunue kiholela, zinachubua tumbo, na tumbo lenye bendi halifai kuchubuliwa.

Subira_njema: Na mimi nina la kuchangia: natumia kijiko cha mtoto mchanga na sahani ya kikombe cha chai. Bila hivyo mkono unasahau.

Kijana_mpya: Ninasafiri kwa ndege Jumapili hii kwa wiki mbili, nimepangiwa kuongezwa Ijumaa. Sawa?

Mwandishi: Sogeza tarehe, ndugu. Baadhi ya watu hubanwa zaidi wakiwa angani, na siku mbili hazitoshi kujua kama umekazwa sawa. Huko uendako huenda hakuna mwenye sindano ya poti. Ongezwa ukirudi.

Tumaini_T: Samahani kama si mahali pake. Niliongezwa Jumatatu. Tangu juzi kila nikila natapika, na leo hata maji yanarudi. Nikivumilia uvimbe si utashuka?

Mwandishi: Usivumilie. Nenda sasa hivi, usisubiri miadi. Waambie mapokezi maneno haya: "Nina bendi ya tumbo, siwezi kumeza maji." Waambie pia ni siku ngapi hujashika chakula, kwa sababu anayetapika mfululizo hupungukiwa vitamini B1, na upungufu huo hugusa neva. Usinywe kitu cha kusukuma. Una mtu wa kukusindikiza?

Tumaini_T: Kaka yangu yupo. Tunatoka.

Mama_pacha: Tunakuombea, mdogo wangu.

Dereva_wa_usiku: Mkuu, kwa hilo nimekuelewa. Nimechukua miadi ya kliniki.

Mwandishi: Vizuri sana, ndugu.

Tumaini_T: Nimerudi. Wamevuta mililita moja, nikapewa glasi nikaambiwa ninywe polepole. Nimesikia maji yanashuka hadi chini, nikalia. Daktari amesema tumbo lilikuwa limevimba na limekazwa kupita kiasi. Wamenichoma na B1.

Mwandishi: Mungu ashukuriwe. Leo na kesho majimaji tu, kidogokidogo. Ukifika chakula kigumu, andika kila mlo na muda njaa inaporudi. Siku ya miadi, peleka hilo daftari.