Kuchagua shoka la barafu: anza na mteremko, bei baadaye

Wengi wakitaka shoka la barafu, lile la kupandia milima yenye theluji, wanauliza bei kwanza, mi nasema jiulize unaenda kupanda wapi. Kama ni kutembea kwenye theluji na miinuko ya kawaida, shoka moja linatosha, mpini umenyooka au umepinda kidogo tu kwa juu. Ukuta wa barafu uliosimama wima ni habari nyingine, hapo unabeba mawili, ya sentimita 50 hivi, mpini umepinda na mdomo, ile ncha ndefu ya mbele ya kichwa, umeinamia chini ili ung'ang'anie. Ila tafadhali usinunue hayo ya ukutani ukidhani yatafaa kote, maana ukiteleza kwenye theluji shoka ndo breki yako, na mdomo ulioinama vile unadaka ghafla, shoka linakuchomoka mkononi na wewe unaendelea kushuka.

Urefu sio ishu ngumu. Simama wima, shika kichwa cha shoka mkono ukining'inia, ncha ya chini ifike karibu na kifundo cha mguu. Ukikwama kati ya saizi mbili chukua fupi, kwenye mteremko mkali refu linasumbua.

Sasa kichwa, hapo usiwe na haraka kabisa. Cha alumini ni chepesi hadi raha, kwa theluji laini sawa, lakini kwenye barafu ngumu kinadunda tu na ncha inakuwa butu upesi, kwa hiyo kama kuna barafu njiani chukua chuma. Nyuma kuna tezo au nyundo: tezo, bapa kama kijembe, ya kuchonga ngazi kwenye barafu, nyundo ya kugongea misumari ya mwamba, mwenye shoka moja achukue tezo. Angalia pia alama kwenye mpini, B ni la kawaida na T ni imara zaidi, mengine yanaandikwa 1 na 2 kwa maana hiyohiyo.

Alafu vaa glavu zilezile utakazopandia, nene, ndo ulishike. Kiganja kikae juu ya kichwa, dole gumba chini ya tezo, ulikamate kwa nguvu kama unajizuia kuanguka, likikuchoma kiganja au vidole havifungi vizuri rudisha, hata kama ni zuri vipi.

Mdomo ukiwa butu noa kwa tupa, taratibu kwa mkono, usipeleke kwenye mashine ya kusaga, joto linalainisha chuma.