Viza imekataliwa, ada iko Uingereza: nilivyoidai nikiwa Ngamiani

Binti yangu aliponyimwa viza ya masomo, pauni 4,000 za ada zilikuwa zimeshaingia kwenye chuo binafsi huko Uingereza, na nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, pakawa kama pana msiba. Dada yangu akaja na chupa ya chai kutupa pole. Pole ilikuwa ya kweli, lakini mle kwenye ada mlikuwa na laki nane zake za upatu, kwa hiyo macho yake yaliuliza mengine.

Mimi kazi yangu ni machungwa. Nanunua mashambani Muheza, nawauzia madalali wa Mombasa, na nimeshadai watu kadhaa waliovuka mpaka wa Horohoro na mzigo wangu wakiahidi kulipa Jumatatu. Siku ya tatu nikajiambia hili nalo ni deni. Nilikuwa nadai, siombi.

Anza kwa kuisoma barua ya kukataliwa, kurasa zote, kabla hujamwandikia mtu. Vyuo vingi hurudisha ada mwanafunzi akinyimwa viza, ila hugoma ikiwa sababu ni nyaraka za kughushi au maelezo ya uongo. Kosa letu sisi lilikuwa la kijinga. Pesa ya matumizi inatakiwa ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Siku ya 19 mimi mwenyewe nikachomoa laki tano za safari ya Dar na kipimo cha kifua kikuu. Ikapungua kwa siku mbili tu. Niliumia, lakini kwa upande wa ada ilikuwa nafuu, maana barua haikutaja udanganyifu.

Unaweza kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 28, kwa pauni 80. Hilo lina maana kama afisa ndiye aliyekosea. Afisa wetu hakukosea, tukaacha, na tukakiambia chuo kwamba tumeacha. Usipowaambia, watakuweka ukisubiri jibu la rufaa ambayo hukuikata.

Sasa hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu. Barua pepe ya maombi ilifunguliwa na wakala wetu, na nywila alikuwa nayo yeye. Kumbe chuo kilishauliza tunataka nini, naye akajibu kwamba binti ataahirisha hadi Januari! Wakala hulipwa na chuo mwanafunzi akishasajiliwa. Akirudishiwa ada, yeye hapati kitu. Sikumtukana. Nilimwambia anipe nywila mbele ya binti, tukaibadilisha palepale, kisha tukaandika kwamba hatuahirishi na kuanzia leo mwanafunzi anajisemea mwenyewe. Kama bado hujalipa ada, fungua barua pepe yako leo.

Kisha tafuta masharti ya kurudishiwa ada ya mwaka ule uliolipa, siyo ya mwaka huu, uyapakue. Tafuta mambo matatu: siku ya mwisho ya kudai, wanachokata, na nyaraka wanazotaka. Chuo chetu kilikata pauni 150 za uendeshaji. Ilikuwa imeandikwa, sikubishana nayo.

Barua ya kudai iwe fupi. Yetu ilikuwa na jina la binti na namba yake ya mwanafunzi, tarehe na kiasi tulicholipa, tarehe ya kukataliwa, namba ya kifungu cha masharti yao wenyewe, na tarehe tunayotarajia jibu. Habari za shamba lililouzwa na mama mgonjwa ziache nyumbani. Ambatanisha barua yote ya viza, risiti ya chuo na hati ya benki ya kutuma pesa.

Hiyo hati ya benki ndiyo roho ya mambo. Kwa kawaida chuo hurudisha pesa kwenye akaunti ileile ilikotoka, kwa kuogopa utakatishaji fedha. Yetu ilitoka kwa mdogo wangu aliyeko Dar, na chuo kiliandika jina lake "Hamis" wakati benki inamjua kama "Hamisi". Herufi moja ikairudisha pesa Uingereza. Ilibidi apate barua ya benki yenye mhuri inayoonyesha jina na namba kamili. Na akaunti hiyo isifungwe hadi mwisho.

Baada ya hapo ni kukumbusha. Kila siku ya kumi tulijibu kwenye mfululizo uleule wa barua pepe, maneno mawili matatu. Mwezi wa pili tukawasilisha malalamiko rasmi kwa utaratibu wa chuo chenyewe, tukataja sheria yao ya haki za walaji ya mwaka 2015, inayokataza masharti ya kumwonea mteja. Siku nne baadaye akajibu mtu mwenye cheo.

Malipo ya huduma ya afya tuliyolipa pamoja na ombi la viza, pauni 776 kwa mwaka, yalirudi yenyewe kwenye kadi tuliyolipia. Ada ya viza hairudi.

Ada ikaingia wiki ya 11, pungufu ya zile 150 na makato ya benki za njiani. Jioni ileile nikampelekea dada laki nane zake. Alizihesabu mara mbili.