Kula kabla wateja hawajamiminika

Wahudumu wenzangu wa hotelini, hasa sisi wa Kigoma mjini, siku treni inapoingia mnaijua hali. Meza zinajaa kwa mpigo, huyu anataka ugali na mgebuka wa kukaanga, yule wali dagaa, jikoni wanakupigia kelele, na kuna mmoja pembeni anagonga meza kwa ufunguo wa bodaboda.

Mimi zamani ilikuwa inafika saa nane mchana nimeshindia chai tu. Mikono inatetemeka, neno dogo la mpishi naliona ugomvi. Kumbe nusu ya hasira ile ilikuwa njaa. Siku hizi saa tano na nusu nakula ugali wangu na maharage, nashushia maji glasi mbili. Bosi akinuna, anune.

Halafu mteja akinifokea, sibishani naye palepale. Namwambia, "Nimekusikia kaka, ngoja nikaangalie," naenda kwenye ndoo ya kunawia, nafungua koki, nanawa taratibu. Navuta pumzi kwa hesabu ya nne, naitoa kwa hesabu ya sita. Hiyo ya kutoa ndiyo iwe ndefu, maana ndiyo inayotuliza mapigo ya moyo. Mara tatu tu, hata dakika haiishi. Na nani atakuuliza? Mhudumu kunawa mikono ni sehemu ya kazi.

Na oda andikeni, jamani. Kukariri meza sita kichwani ni kujitesa bure.