Kamusi ya Python ikikataa orodha

Tuseme unatunza bei za gunia la mahindi soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, kwenye kamusi (`dict`) ya Python iitwayo `bei`. Ukiandika

`bei[["Kibaigwa", "mahindi"]] = [60000, 62000]`

Python inagoma: `TypeError: unhashable type: 'list'`. Wengi huanza kuhangaika na zile bei, kumbe kosa haliko huko. Thamani, yaani kinachohifadhiwa, inaweza kuwa orodha. Ufunguo, yaani kinachotumika kuitafuta thamani hiyo, hauwezi, maana orodha hubadilika, na kamusi hutafuta ufunguo kwa heshi (namba inayokokotolewa kutokana na ufunguo wenyewe) isiyotakiwa kubadilika. Tumia `tuple`, mfuatano kama orodha ila haubadiliki, wenye mabano ya mviringo:

`k = ("Kibaigwa", "mahindi")`
`bei.setdefault(k, []).append(63000)`

Kama ufunguo ni safu ya NumPy (maktaba ya Python ya hesabu za namba nyingi), andika `tuple(safu.tolist())`. Safu ikiwa ya pande mbili, hiyo haitoshi: ndani bado mna orodha, kwa hiyo geuza kila mstari:

`tuple(tuple(m) for m in safu.tolist())`