Jibu la profaili lenye pa kushika: jinsi ya kuandika watu wakuanze wenyewe

Jamani kwenye app za kutafuta mpenzi kuna watu wana picha safi kabisa alafu chini wameandika "napenda kusafiri, muziki na kucheka", sasa mtu akuanzie wapi hapo? Anatuma "mambo", unajibu "poa", stori imekufa, na inauma kweli maana unakuta huyo mtu ana mengi ya kusema ila hajaacha pa kushika.

Kwenye Hinge, moja ya app hizo, unachagua maswali 3 ya kujibu kwenye profaili, kila jibu mwisho herufi 150, na anayekupenda analaiki picha moja au jibu moja na anaweza kukomenti hapo hapo. Kwa hiyo kila jibu liandike kama ndo hilo tu atakalosoma.

Kinachosaidia kuliko vyote ni kutaja kitu chenyewe. Futa "napenda kusafiri", weka "Nilipitiwa na usingizi kwenye basi la Dar-Arusha, nilikuwa nashuka Same nikaamkia Moshi. Niulize nililala wapi." Hapo hata mwenye aibu ana swali tayari, ila stori usiimalize, ukiimaliza atacheka tu apite. "Napenda kula" nayo ifute, sema mihogo ya Coco Beach, au anzisha kaubishi ka jikoni, pilau inaliwa na ndizi mbivu au na kachumbari tu, manake kwenye chakula kila mtu ana upande wake na hakuna anayeumia. Simba na Yanga inaenda pia. Siasa ngoja mzoeane kwanza.

Majibu yote 3 yasiwe ya aina moja. Moja stori, moja swali, moja ukweli mdogo wa maisha yako, mfano "chapati zangu bado zinatoka ngumu, mwenye siri ya laini anifundishe", maana mtu akiona anaweza kukusaidia haogopi kuja.

Zile za "sitaki waongo, sitaki wapotezaji muda" toa kabisa, hata mkweli akisoma anaona kagombezwa kabla hajasalimia.

Alafu hili nalisisitiza, dada zangu hasa: sehemu unayopenda itaje, siku na saa unazokuwepo usitaje.

Kabla hujaweka, msomee rafiki. Akisema "iko fresh" andika upya, akisema "ehe, ikawaje?" hiyo weka.