Somo: Kufasiri kauli ya "panya" katika "The Boscombe Valley Mystery"

Hadithi hii ya Arthur Conan Doyle ilitoka 1891. Charles McCarthy anakata roho kando ya ziwa dogo, kichwa kimepasuka. Mwanawe James, anayeshukiwa, anasema katika maneno ya mwisho ya baba aliambulia kitu kama "a rat", yaani panya. Ambaye hajaisoma aisome kwanza, maana hapa muuaji anatajwa.

1. Tenganisha kilichosemwa na kilichosikika. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaanza kumsaka panya. Hatukupewa maneno ya marehemu, tumepewa masalia yaliyofika sikioni mwa James. Mwenyewe anakiri kwamba baba alinung'unika maneno kadhaa, akanasa hilo tu. Basi shuku kwamba neno limekatika.

2. Ondoa dhana ya kuweweseka. James anaiamini. Watson, daktari na mwenzi wa mpelelezi Sherlock Holmes, anaikataa: anayekufa kwa pigo la ghafla kwa kawaida haweweseki. Huenda alitaka kueleza yaliyompata.

3. Tafuta kauli jirani. Kabla ya hapo McCarthy alipaza sauti, "Cooee!", mwito wa Waaustralia. James alidhani anaitwa yeye, kumbe baba aliamini mwanawe yuko Bristol. Aliyeitwa ni mtu mwingine, tena anayeujua mwito huo. Msiiruke hatua hii. Bila hii, ya nne ni kubahatisha tu.

4. Jaza pengo. Holmes anatandaza ramani ya koloni la Victoria, Australia, anafunika sehemu kwa mkono, yanasomeka ARAT. Anauondoa: BALLARAT. Marehemu alikuwa akimtaja muuaji, fulani wa Ballarat.

MASWALI

Mwalimu, Victoria kuna mji wa Ararat pia. Kwa nini usiwe huo?

Kwa sauti peke yake, miji yote miwili inafaa. Ndiyo maana hatua ya nne hutoa dhana, haitoi ushahidi. Holmes anaitegemeza kwa nyayo za mtu anayechechemea, pigo la mkono wa kushoto na majivu ya sigara. Kinachokata shauri ni John Turner, tajiri jirani yake McCarthy, kukiri: zamani aliitwa Black Jack wa Ballarat, jambazi aliyeteka msafara wa dhahabu.

Na maneno ya mwisho ya Julia, "the speckled band", katika hadithi nyingine ya Holmes, "The Speckled Band", tuyafuate hivihivi?

Hapana. Dada yake aliyasikia barabara, maneno hayo hayakukatika. Utata uko kwenye neno "band", ambalo ni ukanda na pia ni kundi la watu. Pale anza na vitu vilivyomo chumbani, hasa kamba ya kengele isiyolia.